Barua ya wazi kwa wanaosimamia kuzalisha tembo wa kufungiwa: ukurasa wa vifo uko wapi?

Kwa:
Wakurugenzi wa bustani za wanyama zenye tembo,
Waratibu wa programu za kuzalisha tembo,
Watunza madaftari ya ukoo wa tembo.

YAH: KUOMBA HESABU KAMILI YA TEMBO WALIOZALIWA NA WALIOKUFA MIKONONI MWENU

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Naandika hadharani kwa sababu njia ya kimya kimya nimeijaribu na imegoma.

Miaka kadhaa nyuma bustani moja (siitaji, kwa sababu shida yenyewe sio ya bustani moja) iliweka kura mtandaoni ya kumchagulia jina ndama wa tembo aliyekuwa na wiki tatu hivi. Nikapiga kura, jina langu likashindwa, sikujali, nikawa namfuatilia yule mtoto kwenye kamera yao karibu kila asubuhi kabla sijaanza kazi, namwona anavyojikanyaga mkonga wake mwenyewe, anavyojaribu kunywa maji kwa mdomo kwa sababu mkonga bado hajaujulia matumizi, anavyolala chini ya tumbo la mama yake. Siku moja kamera ikazimwa. Baada ya siku mbili likatoka tangazo la aya tatu kwamba "ametutoka", na wiki iliyofuata ukurasa wake wote haupo, jina, picha, tarehe ya kuzaliwa, vyote vimefutwa kama vile hajawahi kuzaliwa.

Nikawaandikia. Niliuliza kitu kimoja tu: tangu mwanze kufuga tembo wamezaliwa kwenu wangapi, na leo wako hai wangapi? Barua ya kwanza kimya. Ya pili nikajibiwa na mashine kwamba ujumbe wangu ni muhimu sana kwao. Ya tatu nikatumiwa fomu ya kuchangia chakula cha tembo, juu yake wameweka picha ya ndama mwingine.

Ndo maana leo nawaandikia nyinyi nyote kwa pamoja, mbele za watu.

Naomba nieleweke, sijaja kutukana watunzaji. Nimesoma na kuona vya kutosha kujua kwamba kuna watu wanalala kwenye majani makavu nje ya zizi wiki nzima wakisubiri jike azae, na ndama akifa wao ndo wanaolia. Malalamiko yangu yako juu zaidi ya hapo, kwa wanaoamua nani apandwe, nani ahamishwe na nini kitangazwe. Nayapanga kwa namba ili mkijibu mjibu kwa namba.

1. Kuzaliwa mnapiga vigelegele, kufa mnanong'ona

Hili halikuanza jana. Tarehe 14 Aprili 1962 Packy alipozaliwa pale Portland, Oregon, alikuwa tembo wa kwanza kuzaliwa Marekani kwa miaka 44, watu wakafurika kumwona na jina lake likajulikana nchi nzima. Haki yao. Lakini hebu ishikeni hiyo 44 mikononi kidogo. Bustani zote na sarakasi zote za nchi kubwa namna ile, miaka 44, tembo wanaletwa wanakufa wanaletwa wengine, na hakuna hata ndama mmoja. Packy mwenyewe aliishi mpaka Februari 2017, akalazwa kwa sindano akiwa na miaka 54 kwa sababu ya kifua kikuu kilichokataa dawa.

Mwaka 2012 gazeti la Seattle Times lilikaa chini likajumlisha vifo vya tembo wa bustani za Marekani kwa nusu karne. Walichopata ni kwamba kwa kila tembo mmoja anayezaliwa wanakufa wawili kwa wastani, na kwamba vifo vya ndama vilikuwa kama asilimia 40, karibu mara tatu ya porini. Mimi swali langu hata sio hizo namba. Swali langu ni kwa nini kazi ya kujumlisha ilifanywa na waandishi wa habari wakati madaftari mnayo nyinyi? Daftari la ukoo la kila jamii ya tembo lipo, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanyama uitwao ZIMS, wa shirika la Species360, unaotumiwa na bustani zaidi ya elfu moja duniani upo, kila tembo ana namba yake, mama yake, baba yake, siku aliyozaliwa na siku aliyokufa. Hizo ni kumbukumbu nzuri kuliko za binadamu wengi. Raia wa kawaida akiziomba ndo anatumiwa fomu ya mchango.

Halafu kuna wale wanaozaliwa wafu. Hao mnawaandika ukurasa gani? Mimba ya tembo inakaa miezi 18 mpaka 22, mnaitangaza ikiwa changa, mnaweka picha za skeni, watu wanahesabu wiki pamoja na nyinyi, kisha ndama akitoka mfu taarifa inakuwa sentensi moja ijumaa jioni.

2. Umri

Utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2008 ulipitia kumbukumbu za tembo zaidi ya 4,500. Jike wa Afrika aliyezaliwa bustanini, umri wa kati wa kuishi ulikuwa miaka 16.9, yaani nusu yao hawakuufikia. Wenzake wa porini kwenye hifadhi ya Amboseli, Kenya, ambako familia za tembo zinafuatiliwa moja moja tangu 1972, waliokufa kifo cha kawaida waliishi miaka 56, na hata ukiingiza waliouawa na binadamu bado inakuwa karibu 36. Wa Asia waliozaliwa bustanini walipata 18.9, na wenzao wanaovuta magogo Myanmar walipata 41.7. Anayevuta magogo, waheshimiwa.

Najua jibu lenu, nimelisikia mara nyingi: hiyo ni data ya zamani, ina tembo wa miaka ya 1960 waliofungwa minyororo kwenye sakafu ya zege, siku hizi tumebadilika. Na nawapa haki yenu, uchambuzi mpya wa mwaka 2023 kweli ulionyesha tembo wa bustanini wanaishi vizuri zaidi kuliko zamani, mchanga umewekwa, makundi yamekua, minyororo imepungua. Nafurahi kabisa. Lakini mnaona wenyewe kwamba hiyo hoja inanisaidia mimi? Kama mambo yamekuwa mazuri, hesabu kamili ndo ingekuwa tangazo lenu bora kuliko kura yoyote ya jina. Sisi tunasema mficha uchi hazai, na nyinyi kazi mliyojipa ni hiyohiyo ya kuzalisha.

3. Majike wanazeeka kizazi kabla hawajazaa

Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu hapa ndipo hesabu inapoharibika na watu wengi hawapajui.

Jike wa porini anashika mimba ya kwanza mapema, akiwa na miaka kumi na kitu. Anabeba karibu miaka miwili, ananyonyesha, anapumzika, anabeba tena, mtoto mmoja kila miaka 4 au 5 hivi. Kwa maisha hayo mwili wake haupitii mizunguko mingi ya bure. Sasa mchukue jike wa kwenu aliyekaa miaka 20 au 25 bila dume, kwa sababu kufuga dume ni hatari na gharama, kila wiki kumi na tatu mpaka kumi na saba homoni zinapanda zinashuka, zinapanda zinashuka, hakuna mimba. Madaktari wa Berlin kina Thomas Hildebrandt waliopima majike wengi kwa skeni walionyesha kitu kinachotokea: uvimbe kwenye kizazi, malengelenge ya maji, na uzazi kuisha wakati umri bado. Yaani kutozaa kunaleta kutoweza kuzaa. Wengine mzunguko unakata kabisa, ukichora homoni zao kwenye karatasi unapata mstari umelala, na kwa majike wa Afrika walioko Amerika Kaskazini wa namna hiyo sio wachache.

Ongeza unene. Utafiti wa 2016 kwenye bustani za Amerika Kaskazini ulikuta karibu robo tatu ya tembo wana uzito kupita kiasi. Mnyama aliyeumbwa atembee na kula kutwa kucha amewekwa mahali anapoletewa chakula kizito kwa saa, anasimama.

Mkajibu kwa sayansi, na sayansi yenyewe sio ya kudharau. Kumpandikiza tembo mbegu ni kazi ngumu ajabu, njia yenyewe ndani ya jike inazidi mita moja, ikabidi watu watengeneze vifaa vipya kabisa na wajue kwamba homoni inayochochea yai inapanda mara mbili, wiki tatu mbali, na ile ya kwanza ni danganya toto, yai linatoka ya pili. Ndama wa Asia wa kwanza kwa njia hiyo alizaliwa Springfield, Missouri mwaka 1999, wa Afrika akafuata Indianapolis mwaka 2000. Safi. Lakini mmeitumia hiyo njia kuzalisha hata pale ambapo jike ameshavuka umri, hajawahi kuzaa wala kuona mwenzake akizaa, anapandikizwa mara moja, mara tano, mara kumi, na tunaoambiwa ni wale waliofaulu. Majaribio yaliyoshindwa mangapi? Mimba zilizoharibika ngapi? Jike wangapi wamekufa na ndama tumboni? Mimi sijaona jedwali hilo na nimelitafuta.

4. Bibi yuko wapi?

Tembo jike hazaliwi anajua kulea. Anajifunza kwa kuona mama yake, shangazi zake, dada zake wakubwa, amesaidia kulea watoto wa wenzake miaka kibao kabla hajapata wake. Bustanini mkachukua binti wa miaka minne au mitano mkampeleka bustani nyingine kwa sababu karatasi za ukoo zinasema damu yake inahitajika kule, akakua na majike wasio ndugu zake, akaja kuzaa kitu hajawahi kukiona. Akakiogopa. Akakipiga teke. Nyinyi mnajua vizuri kuliko mimi kwamba kwenye bustani nyingi mama amekuwa akifungwa mnyororo wakati wa kuzaa ili asimuue mtoto wake mwenyewe, sasa jamani kama mnyama maarufu kwa kupenda watoto anafungwa asiwaue, hiyo peke yake ilitosha kusimamisha kikao.

Kuna utafiti wa Myanmar wa mwaka 2016 kuhusu mabibi, nadhani kila anayesaini karatasi ya kuhamisha tembo angepaswa kuubandika ukutani. Waliangalia ndama wa mama wadogo, chini ya miaka 20. Kama bibi yake ndama yuko hapohapo kambini, hatari ya ndama kufa ilikuwa pungufu mara nane. Mara nane! Hakuna dawa wala kifaa mlichonunua kinachokaribia hapo, na bibi hana bei.

Ule utafiti wa Science nao ulisema kuhamisha tembo wa Asia kutoka bustani moja kwenda nyingine kunaongeza hatari ya kufa, na hatari hiyo inamfuata miaka kadhaa baada ya safari. Mtasema tukiwaacha ndugu pamoja watapandana. Sawa, hamisheni madume basi! Porini dume ndiye anayeondoka, binti anabaki na mama yake mpaka kufa. Bustani kadhaa za Ulaya zimeanza kwenda na huo mpangilio na ndizo mnazozitaja mkitaka kujisifu, kwa hiyo mnajua.

5. Virusi

EEHV, virusi vya herpesi vya tembo. Ndama mmoja wa bustani ya Washington, Marekani, Kumari, alikufa mwaka 1995 akiwa na miezi 16, na maelezo ya kisayansi ya kilichomuua yakachapishwa 1999. Tangu hapo tunajua adui ni nani. Tembo wakubwa wanakaa navyo mwilini bila shida, ndama akiachishwa kinga ya mama ndo vinamlipukia, mishipa inavuja damu kwa ndani, asubuhi anacheza, kesho yake hayupo. Hansa wa Seattle alikuwa na miaka 6. Chester, Uingereza, Oktoba 2018 walipoteza ndama wawili ndani ya siku mbili. Indianapolis 2019 walikufa wawili wa Afrika, wakati miaka mingi watu waliamini wa Afrika wako salama.

Kwenye hili siwapigi sana, niseme ukweli. Virusi viko porini pia, hakuna aliyevileta kwa makusudi, na bustani ndizo zilizolipia utafiti. Juni 2024 jike mmoja wa Houston, Tess, alichomwa chanjo ya kwanza ya mRNA (inayoupa mwili maelekezo ya kujikinga) dhidi ya hivi virusi, iliyotengenezwa na bustani ile pamoja na chuo cha tiba cha Baylor, na Chester na chuo kikuu cha Surrey nao wana ya kwao. Hiyo ni kazi ya maana na mngeitangaza zaidi kuliko kura za majina.

Ninachouliza ni hiki. Kama ndama wa Asia akifika mwaka mmoja anaingia kwenye miaka ya hatari kubwa namna hiyo na mnajua, kila mimba mnayoipanga mnaipanga na ratiba ya kumpima damu kila wiki? Plazma (maji ya damu ya kumwongezea akiugua) imehifadhiwa tayari? Dawa ipo stoo au itaagizwa siku akiugua? Bustani zinazofanya hivyo zipo. Zisizofanya je, kwa nini bado zinaruhusiwa kuzalisha?

6. Madume

Nusu ya wanaozaliwa, zaidi au pungufu, ni madume. Dume mzima ana tani tano, kila mwaka anaingia kipindi cha ukali ambapo tezi za pembeni ya macho zinatiririka na hakuna anayeweza kumsogelea, anahitaji zizi lake na uzio wake. Nafasi hizo ni chache mno. Heidelberg kule Ujerumani na Denver kule Marekani walijenga sehemu za madume peke yao na wakasifiwa, kwa haki. Kwa waliobaki, kabla hamjampandikiza jike andikeni kwanza dume akizaliwa ataishi wapi akiwa na miaka 15. Mkishindwa kuandika hiyo sentensi, msipandikize.

7. Pengo linazibwa kutoka porini

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, nisiwafiche.

Hesabu ikishuka mnafanya nini? Mwaka 2003 tembo 11 walichukuliwa Eswatini (wakati huo ikiitwa Swaziland) wakapelekwa San Diego na Tampa. Mwaka 2016 wengine 17 kutoka hukohuko wakapandishwa ndege kwenda Dallas, Wichita na Omaha, huku kesi ya kupinga ikiwa bado mahakamani. Sababu iliyotolewa ilikuwa ukame na kwamba wangeuawa wasipoondoka. Zimbabwe ikauza ndama zaidi ya 100 kwenda China kati ya 2012 na 2019, wengi walitengwa na familia zao kwenye hifadhi ya Hwange. Agosti 2019 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, pale Geneva ukabana biashara hiyo, tembo wa porini wa Zimbabwe na Botswana wabaki kwenye maeneo yao ya asili isipokuwa kwa hali ya kipekee. Mwaka 2022 Namibia ikapeleka 22 Falme za Kiarabu.

Sasa nifafanulieni kama mnavyomfafanulia mtoto. Miaka hamsini mnatuambia bustani ni safina, kwamba tembo wakiisha porini watakuwepo kwenu. Halafu safina inavuja na maji mnayachota kutoka hukohuko mlikosema mnakuokoa. Robert Wiese aliandika mwaka 2000, na yeye ni mtu wa bustani sio mwanaharakati, kwamba tembo wa Asia wa Amerika Kaskazini hawajitoshelezi kwa kuzaana, hesabu inashuka. Kwa hiyo nyumbani kwenu wenyewe ilijulikana.

Na msiniambie hakuna njia nyingine ya kupata damu mpya. Mwaka 2013 bustani ya Schönbrunn, Vienna, alizaliwa ndama Iqhwa, jina lake ni barafu kwa Kizulu, baba yake ni dume wa porini Afrika Kusini ambaye hajawahi kukanyaga Ulaya. Mbegu iligandishwa ikasafiri yenyewe. Kumbe mnaweza kuleta damu mpya bila kumng'oa ndama kwa mama yake. Mkitaka.

Mtasema mnafanya uhifadhi. Hela mnazotuma kwa askari wa wanyamapori nazikubali, sina ubishi. Lakini ndama anayezaliwa bustanini harudi porini na nyinyi mnajua. Bustani ya Howletts ya Uingereza ilipotangaza Julai 2021 kwamba itapeleka tembo wake 13 Kenya, ilisema ni mara ya kwanza duniani kwa kundi zima kufanyiwa hivyo. Mara ya kwanza, mwaka 2021. Na wizara ya utalii na wanyamapori ya Kenya ikatoa tamko la wasiwasi kwamba hata haikuwa imeulizwa. Linganisheni na wale yatima wanaolelewa na shirika la Sheldrick hukohuko Kenya, wananyonyeshwa kwa chupa, wanarudishwa Tsavo wakikua, na wameshazaa ndama zaidi ya 50 porini, mama wanawaleta wenyewe kuonyesha walezi. Hakuna aliyempandikiza mtu mbegu.

Waheshimiwa, kabla ya maombi yangu naomba niwapeleke Myanmar mara moja tena, kwa sababu kule ndo nilipopata wazo la barua hii.

Tembo wa kufungiwa wa Asia wanakadiriwa kuwa 15,000 hivi, yaani kati ya robo na theluthi ya tembo wote wa Asia walio hai, na wengi wao wako Myanmar, Thailand na India. Shirika la magogo la serikali ya Myanmar limekuwa likimwandikia kila tembo daftari lake kwa karibu karne nzima. Jina, namba, mama yake, alizaliwa kambini au alikamatwa, amezaa lini, ameumwa nini, amekufa lini na kwa nini. Usiku wanaachiwa msituni kula, majike wengine wanapandwa na madume wa porini, jike mwenye mimba kubwa anapumzishwa kazi. Sisemi kule ni peponi. Ndama wanafundishwa kazi kwa ukatili wakiwa na miaka minne mitano na wengi wanafia hapo, na waliokamatwa porini wanaishi miaka mitatu mpaka saba pungufu ya waliozaliwa kambini, kama utafiti wa 2018 wa tembo zaidi ya 5,000 ulivyoonyesha. Lakini tunayajua haya mabaya yote kwa sababu gani? Kwa sababu madaftari yalifunguliwa. Watu wa magogo, wasio na kamera wala duka la zawadi, waliwapa watafiti vitabu vyao vikiwa na aibu zote ndani, na vitabu hivyo ndivyo vilivyotufundisha habari za mabibi.

Naomba basi yafuatayo.

Kila bustani yenye tembo itoe, kila mwaka, karatasi moja tu inayosomeka: mimba zilizoanzishwa, kwa dume au kwa kupandikiza, waliozaliwa hai, waliozaliwa wafu, waliokufa kabla ya mwaka mmoja, kabla ya miaka mitano, na sababu. Pamoja na ya miaka yote iliyopita mliyonayo. Msiniwekee asilimia peke yake, nataka vichwa.

Ukurasa wa ndama aliyekufa usifutwe. Andikeni alikufa lini na kwa nini, muuache hapo.

Binti asitenganishwe na mama yake isipokuwa kwa sababu ya kitabibu iliyoandikwa na kusainiwa, na sahihi iwe na jina la mtu.

Bustani isiyo na mpango wa virusi wala nafasi ya dume isizalishe.

Msichukue tena tembo hata mmoja kutoka porini kwa ajili ya maonyesho au kuzalisha, hata kama kuna ukame, hata kama nchi inauza. Kama kuna ukame kweli pelekeni hela na wataalamu kulekule.

Na kwa bustani zilizobaki na mmoja au wawili wazee ambao hawatazaa tena, semeni wazi kwamba hao ni wa mwisho. Bustani ya Bronx, New York, walitangaza 2006 kwamba hawataleta wengine wakiisha hao, Detroit walipeleka wao kwenye hifadhi California mwaka 2005, na bustani hizo hazijafungwa, watu bado wanaenda.

Hayo ya mwisho mkiyakataa mna haki ya kujitetea na nitasoma. Ila lile la kwanza, la karatasi, sioni utetezi wake. Halihitaji jengo jipya wala daktari, linahitaji mtu mmoja, kompyuta, na ruhusa yenu. Ofisini kwenu kazi hiyo haizidi wiki, mimi nimeifanya kwa vipande vya magazeti na matangazo ya zamani na bado daftari langu lina mapengo mengi kuliko majina.

Nawapa miezi mitatu. Majibu wekeni hadharani kama nilivyoweka barua, kwa barua pepe nimeshazoea mnavyojibu.

Wenu katika kufuatilia,

Mpiga kura ambaye jina lake lilishindwa

Nakala: kwa kila aliyewahi kumpigia ndama wa tembo kura ya jina. Kaangalie kama ukurasa wake bado upo.